Kigae Kisichovunjwa

Profesa alitaka mwanafunzi wake aandike kwamba seleni na teluri hazichanganyiki. Yeye hakutaka. Ugomvi wote ulikuwa hapo, na kila kilichotokea wiki ile kilizaliwa na sentensi hiyo moja ambayo msichana mmoja alikataa kuitia kwenye tasnifu yake.

Maabarani walimwita Mbishi. Alipachikwa jina hilo wiki ya kwanza, pale alipomuuliza Profesa mbele za watu kwa nini kipimajoto kimefungwa mbali na kitu kinachopimwa. Walidhani jina litamnyamazisha. Kumbe lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake, na baada ya muda hata mama wa kufagia alikuwa akimwita hivyo, naye akiitika bila kununa.

Kazi yake, ukimweleza mtu taratibu, si ngumu kama inavyosikika. Kuna kitu kinachotengenezwa kwa chuma na seleni. Atomu zake zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Ukikipoza mno, ukakisogeza karibu na ile baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine, umeme hupita ndani yake bila kuzuiwa hata chembe. Hakuna joto linalopotea, hakuna kusukumana. Hapo ndipo kinapoitwa kipitishi kamili. Sasa, unaweza kutoa baadhi ya atomu za seleni na kuketisha teluri kwenye viti vyao. Teluri ni ndugu wa seleni, tabia zao zinafanana, ila teluri ana mwili mkubwa. Akikalia kiti cha nduguye hana budi kupanua mabega. Tabaka zinasukumwa, zinaachana kidogo, na zikiachana, kile kiwango cha baridi ambacho umeme huanza kupita bure nacho hubadilika.

Ukiweka teluri kidogo, mambo yanajulikana. Ukiweka nyingi, yanajulikana pia. Mbishi alikuwa akitafuta habari za katikati, pale ndugu wawili wanapokaribia kuwa sawa kwa sawa. Huko katikati, kwa mujibu wa maandiko ya Profesa mwenyewe, hawakai nyumba moja: seleni hujitenga kona yake na teluri kona yake. Ushahidi wake ulikuwa mchoro ulioning'inia kwenye ukuta wa maabara kwa miaka mingi. Pembeni mwa mchoro nukta zilipangana vizuri kwenye mstari. Katikati zilitawanyika kama mtama uliomwagwa mbele ya kuku.

"Binti yangu," Profesa alimwambia Jumatatu ile ofisini kwake, akivua miwani na kuiweka juu ya rundo la karatasi, "unakimbiza upepo ili uutie kwenye gunia. Ijumaa unawasilisha. Jumatatu ijayo Bwana Kutu anachukua Pipa. Andika kwamba katikati hazichanganyiki, umalize, upate shahada yako, uende zako."

Pipa ndilo jina walilokipa kile chombo kikubwa cha chuma cha kutengenezea tando nyembamba za mchanganyiko huo, kilichofyonzwa hewa yote ndani yake. Bwana Kutu alikuwa mkuu wa kikundi cha jirani kilichochunguza rangi za kuzuia kutu, na alikuwa amelimezea mate Pipa tangu zamani.

"Siwezi kuandika nisichokiona, Profesa."

"Hukioni? Mchoro upo ukutani. Mimi niliandika hivyo kabla hujazaliwa."

"Mchoro nauona. Sijaona kipande hata kimoja kilichopimwa vyote viwili, umbo lake na umeme wake. Tunapima nusu hii huku na nusu ile kule, halafu tunasema ni kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja! Kimevunjwa tu."

"Hilo ndilo ninalobisha."

Profesa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejizuia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Livunjike, Profesa. Mradi kigae kisivunjike."

Nje ya mlango mtu alikohoa kikohozi cha uongo. Alikuwa Kiroboto, kijana wa mashine ya baridi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuweza kukaa penye mashine moja kwa dakika nzima. Alikuwa akipita na spana mkononi, na alipita polepole kuliko ilivyohitajika.

Kuvunja kigae kulikuwa desturi ya maabara ile, na haikuwa desturi ya kipumbavu. Utando unaotoka kwenye Pipa ni mwembamba mno, hauonekani ila kama kivuli cha kioo, na umelalia juu ya kigae cha fuwele kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ukikaa kwenye hewa unaanza kuharibika. Chumba cha eksirei, kinachoonyesha tabaka zimeachana kiasi gani, kiko jengo jingine, tena lenye foleni. Basi wazee wa maabara walipata njia: vunja kigae katikati, nusu iende eksirei, nusu iingie kwenye baridi papo hapo. Hakuna kusubiriana. Ilikuwa busara, na kila mwanafunzi aliyepita pale alifundishwa kuvunja kabla ya kufundishwa kingine chochote. Mbishi mwenyewe alikuwa amevunja vigae vya kutosha kujaza bakuli.

Wazo lilikuwa limemjia siku chache kabla, akikoroga chai. Aliacha kijiko ndani ya kikombe, akasahau, na alipokishika mpini ulimchoma. Akakumbuka kibano. Ndani ya Pipa, kigae hushikiliwa upande mmoja na kibano cha chuma, na kibano hunyonya joto kama kijiko kinavyonyonya. Basi upande wa kibano ni wa baridi kuliko upande wa pili. Na seleni, kila mtu wa kazi ile anajua, ni mtoro: penye joto zaidi hutoroka zaidi. Kwa hiyo upande mmoja wa kigae utabaki na seleni nyingi na mwingine na teluri nyingi. Pembeni mwa mchoro tofauti hiyo ndogo haisumbui. Katikati, ambako mambo hugeuka kwa kitu kidogo, inasumbua sana. Umepima umbo la ndugu mmoja na umeme wa ndugu mwingine, ukaviandika kwa jina moja. Nukta zitaachaje kutawanyika?

Profesa alisikiliza maelezo yote hayo, akarudisha miwani usoni.

"Hadithi nzuri," alisema. "Kabatini kimebaki kigae kimoja kizima. Tengeneza utando wa katikati, kivunje kama tunavyovunja, pima, niletee. Nukta ikikaa kwenye mstari tutazungumza. Isipokaa, Ijumaa utasema hazichanganyiki."

Jioni, alimkuta Mama Mdogo sebuleni amezungukwa na mapazia ya watu. Huyu alikuwa mke wa pili wa baba yake, aliyeingia nyumbani miaka mingi iliyopita baada ya mama mzazi kufariki. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake kila alikoingia.

"Mbona umenuna kama umemeza ufunguo, mama?" Siku zote alimwita binti huyu mama.

"Mwalimu wangu anasema kikubwa hakiwezi kukaa penye kiti cha kidogo bila nyumba kubomoka."

Cherehani ikasimama. "Nani huyo? Mlete hapa anione!" Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kisha akatulia, akazikusanya moja moja. "Shangazi zako walisema hivyo hivyo nilipoingia humu. Walisema mlango mdogo, kiti kidogo. Kiti cha mama yako."

Mbishi alikumbuka alivyokuwa mtoto, alivyokataa kumwita huyu mama kwa jina lolote, akimwita "wewe" tu, na jinsi mwanamke huyu alivyoitika "abee" kila mara, kama vile ndilo jina lake hasa.

"Na kweli hakikunitosha," Mama Mdogo aliendelea. "Tukasogeza meza." Akakanyaga cherehani tena. "Huyo mwalimu usimwandikie asichokuonyesha. Lakini mtu mzima hatukanwi, mwanangu. Anabishiwa kwa adabu."

Asubuhi ya Jumatano alifunga kigae cha mwisho ndani ya Pipa. Leza ilianza kugonga kidonge cha chuma, seleni na teluri, tik, tik, tik, na kila pigo likitoa mwali mdogo wa zambarau ulioruka kuelekea kwenye kigae na kutua. Mbishi alisimama kwenye kidirisha muda wote, mikono nyuma, kama mtu anayemngoja mgonjwa atoke kwa daktari. Kazi ilipokwisha na Pipa likapoa, alikitoa kigae kwa koleo, na hapo Kiroboto akatokea na kalamu ya almasi ya kukatia.

"Leta nikate keki."

"Hakuna keki leo."

"Dada, Profesa amesema—"

"Najua alichosema. Nilikuwepo."

"Sasa mimi nipoze nini? Hewa?"

"Utapoza kigae kizima. Kikirudi kutoka eksirei."

Kiroboto alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake akiingia majini na viatu. "Mbishi, sikiliza. Hiki ndicho cha mwisho. Ukienda nacho kule foleni itakukalia, hewa itakula utando, na utarudi na kigae kitupu. Kitupu kabisa! Hutakuwa na nusu hii wala ile. Bora nusu shari."

"Nusu ndiyo shari yenyewe."

Alikuwa ameshaandaa mtungi wa kioo wenye kifuniko cha mpira. Aliujaza gesi ya naitrojeni, akakilaza kigae ndani, akakaza kifuniko. Naitrojeni haili kitu. Humo ndani, alikadiria, utando ungevumilia. Alikadiria tu, hakuna aliyewahi kujaribu pale, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji. Kama amekosea, Ijumaa hatakuwa na chochote mkononi, na ile sentensi itaandikwa, kama si na yeye basi na mwingine, na watakaokuja baada yake wataisoma na kuiamini.

Akatoka. Barabara iliyotenganisha majengo mawili ilikuwa imejaa jua na watu wa saa za chakula, naye alitembea kati yao ameukumbatia mtungi kama mtoto mchanga. Mlinzi wa lango la pili alimsimamisha.

"Umebeba nini humo? Sumu?"

"Kioo, kaka."

Mlinzi aliinama akachungulia. "Kioo ndani ya kioo. Kweli wasomi mna kazi." Akampisha.

Chumba cha eksirei kilitawaliwa na mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Eksirei, ambaye watafiti wakubwa kwa wadogo walimnyenyekea kwa sababu foleni ilikuwa yake. Alitazama kigae, akatazama kishikio cha mashine, akatikisa kichwa.

"Hiki hakiingii. Kishikio changu ni cha nusu. Ninyi wenyewe mlikiagiza hivyo."

"Mama, hakikatwi."

"Basi hakipimwi. Anayefuata!"

Hakukuwa na anayefuata, foleni ilikuwa imekwenda kula, na wote wawili walijua. Mbishi alibaki amesimama. Hakulia, hakuomba. Alisema tu, "Nikikikata, mama, nitakuwa nimekata kile kile nilichokuja kukiangalia."

Mama Eksirei akavuta droo, akatoa donge la udongo laini wa kuchezea watoto, wa rangi ya kijani. "Tunakibandika na hiki juu ya kioo. Nilijifunza hivi zamani, kabla hatujapewa vishikio vya kifahari. Lakini usije ukanililia. Kikiinama hata unywele, vilima vyote vitahama kwenye mchoro, na utadhani umegundua dunia."

"Kikiinama, kilima cha kigae chenyewe nacho kitahama. Hicho hakina teluri wala seleni. Tutakitumia kama shahidi."

"Haya, mwenye mashahidi. Bonyeza taratibu."

Walibonyeza kwa kipande cha kioo bapa mpaka kigae kikalala sawa. Walibana mwale ukawa mwembamba, wakapima upande wa kibano, wakapima katikati, wakapima upande wa pili. Mchoro ulijichora kwenye skrini kidogo kidogo: mstari uliopanda kuwa kilima kila tabaka za atomu zilipojibu mwale, na mahali pa kilima palionyesha tabaka zimeachana kiasi gani.

Kama Profesa alikuwa sahihi, kila mahali pangeonekana vilima viwili, kimoja cha seleni, kimoja cha teluri, kila mtu na kona yake. Upande wa kibano kilitokea kilima kimoja. Katikati kikatokea kimoja, chembamba, kilichosimama wima. Upande wa pili, kimoja. Lakini havikusimama mahali pamoja. Kadiri walivyotoka kwenye kibano, kilima kilisogea kushoto, kumaanisha tabaka zilizidi kuachana, kumaanisha teluri ilizidi. Na kilima cha kigae, yule shahidi, hakikusogea hata kidogo.

Mbishi alifuta macho kwa kiwiko.

"Nilikwambia usinililie," alisema Mama Eksirei. "Si vimehama?"

"Vimehama, mama. Ndiyo maana."

Aliporudi maabarani alikuta taarifa zimemtangulia. Profesa alikuwa amesimama kando ya meza ya mashine ya baridi, na Kiroboto, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa akirukaruka, alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Nilisema kivunjwe."

"Ulisema, Profesa."

"Na?"

"Sikukivunja." Aliweka michoro mitatu mezani, akaielekeza upande wake. "Ndugu hawajatengana. Kila mahali wamechanganyika. Ila mchanganyiko wa huku si mchanganyiko wa kule. Nusu zetu hazikuwa kitu kimoja."

Profesa aliinamia michoro. Alipitisha kidole kwenye kilima cha kigae, mara moja, mara ya pili, akitafuta kama kimesogea. Mtu aliyemfahamu angejua kwamba kidole kile kilikuwa kinatafuta kwa uaminifu. Hakikupata.

"Sawa. Sasa kivunje, nusu ipozwe, nusu ibaki akiba."

"Tupoze nusu ipi?"

Mashine ya baridi ilikuwa inavuta pumzi, fuu, tak, fuu, tak.

"Poza kizima basi," Profesa alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini umeme usipopita, Ijumaa utasema hazichanganyiki. Kwa mdomo wako."

"Usipopita nitasema sijui. Sitasema hazichanganyiki."

Profesa akaondoka. Kiroboto akapumua kama tairi. "Dada, wewe siku moja utabishana na malaika wa kukutoa roho."

"Nitamwuliza kipimajoto chake kimefungwa wapi. Nipe rangi ya fedha."

Kwa ncha ya unywele wa brashi walidondosha vitone vya rangi ya fedha, vyote kwenye ule mstari wa katikati uliopimwa na eksirei, wakabandika nyaya za umeme, wakafunga kila kitu ndani ya mashine. Kipimajoto alikifunga yeye mwenyewe, kando kabisa ya utando. Kisha wakaanza kupoza taratibu, bila papara, mpaka usiku. Kwenye skrini, mstari wa ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa, ulishuka kidogo kidogo kama mzee anayeteremka ngazi. Kabla hawajafika kwenye kiwango cha baridi ambacho wangeridhika nacho, hata kabla ya pale ambapo utando wa seleni tupu huanza kupitisha umeme bure, mstari uliyumba.

"Subiri," Kiroboto alinong'ona. "Subiri, subiri."

Mstari ukaanguka. Uliporomoka mara moja, bila kutua njiani, mpaka kwenye sifuri, ukalala hapo. Umeme ulikuwa ukipita bure. Kiroboto aliruka, akagonga taa, akaomba radhi kwa taa. Mbishi hakuruka. Aliamuru wapashe joto polepole na kupoza upya, kwa sababu mara moja si ushahidi. Mstari ulipanda, ukashuka, ukaanguka pale pale.

Hapo ndipo alipoketi sakafuni, mgongo ukiegemea meza, akacheka peke yake.

Alhamisi Profesa alimwita tena. Safari hii alimwekea kiti. Alikuwa na matokeo yote mbele yake, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala vizuri.

"Hongera," alisema, na alimaanisha. "Nimezungumza na Bwana Kutu. Pipa linaweza kubaki kwako mwaka mwingine. Nitakutafutia vigae."

"Ahsante sana, Profesa."

"Kitu kimoja. Ule ukurasa wako wa nusu mbili, unaosema tulikuwa tukipima kipande hiki na kile. Utoe. Una nukta yako nzuri, inakutosha. Kufukua makaburi kwa nini?"

Mbishi alitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza wiki ile alitamani kukubali. Alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemfundisha kusikia uvujaji wa hewa kwa sikio, ndiye aliyempigania alipokaribia kufukuzwa kwa kuchelewesha ada. Na alichopewa ndicho alichokitaka: Pipa, vigae, mwaka. Gharama yake ilikuwa ukurasa mmoja tu.

"Nikiutoa," alisema polepole, "nukta yangu itaonekana bahati nasibu. Nukta moja nzuri katikati ya mtama. Na zako, Profesa, zitabaki zimetawanyika milele. Lakini hazikuwa mbaya. Vipimo vyako vya umbo ni sahihi, na vipimo vyako vya umeme ni sahihi. Vilioanishwa vibaya tu."

"Unanifundisha kazi yangu."

"Nakubishia, Profesa. Kwa adabu."

"Ukiuonyesha kesho, usinitegemee kwa habari ya Pipa."

"Nitauonyesha."

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko kawaida, kwa sababu Kiroboto hajui kutunza siri. Profesa alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Bwana Kutu alikaa pembeni yake, tayari ameshakuja na futi ya kupimia mlango ambamo Pipa lingepita. Mbishi alieleza tabaka, akaeleza teluri na mabega yake mapana, watu wakacheka. Alionyesha vilima vitatu na shahidi wao. Alionyesha mstari ukianguka, na mtu fulani nyuma akapiga mluzi.

Kisha akafika kwenye ukurasa wenyewe. Picha ya kigae, na mstari mwekundu uliopita katikati, mahali ambapo siku zote walivunja. Aliusoma wote, hakuruka neno. Alisema kwamba nukta za zamani zilitawanyika kwa sababu ya mkono wa maabara, na kwamba hakuna mwenye haki ya kusema seleni na teluri hazichanganyiki mpaka kila kipande kipimwe kikiwa kizima. Alisema pia kwamba yeye ana kipande kimoja tu, na kimoja ni kidogo.

Bwana Kutu alinyanyua mkono akitabasamu. "Samahani. Desturi hii ya kuvunja, aliianzisha nani?"

Mbishi aliona shingo ya Profesa ikikakamaa.

"Ni desturi ya maabara," alijibu. "Mimi mwenyewe nimevunja vigae vya kujaza bakuli zima."

"Ni mimi," Profesa alisema, akiinuka. "Nilianzisha mimi, Bwana Kutu, na ilikuwa desturi nzuri kwa foleni ile. Kaa chini, sijamaliza naye." Akamgeukia Mbishi, na macho yake yalikuwa yamewaka kwa namna ambayo Mbishi hakuwahi kuyaona. "Mkazo je? Kigae chako kinaushika utando na kuuvuta. Labda ndugu zako hawapatani kamwe. Labda wameshikiliwa kwa nguvu wasigombane. Ukiwatoa juu ya kigae watatengana kesho yake."

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali bora kuliko yote aliyojiandaa nayo. Watu waligeuza vichwa kumtazama, wakisubiri ainame.

"Inawezekana," alisema. "Inawezekana kabisa kigae kinawasaidia. Lakini waliosaidiwa kukaa pamoja, wamekaa pamoja. Umeme umepita. Sitaandika kwamba hawachanganyiki eti kwa sababu walihitaji msaada."

"Hayo ni maneno. Thibitisha!"

"Nitathibitisha vipi bila vigae? Nipe vya fuwele mbalimbali, vinavyovuta sana na vinavyovuta kidogo, nikuonyeshe!"

"Na Pipa langu?" aliuliza Bwana Kutu.

"Subiri!" walimjibu wote wawili kwa pamoja, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Profesa hakucheka. Alikuwa amekwishapanda jukwaani, ameshika chaki, anachora tabaka na mishale ya mkazo, akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawajui hesabu ya kuvutana. Aliandika mlinganyo, akaupigia mstari kwa nguvu mpaka chaki ikakatika.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo utakapokwama. Kaa chini kwanza nikuonyeshe."

"Nitasimama, Profesa," alisema Mbishi, na akachukua chaki nyingine.